Kujiondoa Ni Haki: Namna ya Kufunga Huduma za Kulipia Zisizohitajika Tena

Mazungumzo kwa wakazi wa Kaunti ya Kilifi kuhusu haki za wateja wa huduma za simu na mtandao



Wavuvi wa pwani hii wanaijua dema. Mlango wake ni mpana upande wa nje na mwembamba upande wa ndani. Samaki huingia bila kusukumwa na mtu. Anapotaka kutoka ndipo anapogundua kuwa njia aliyoingilia haionekani tena. Huduma nyingi zinazouzwa leo kwa simu na mtandao zimesukwa hivyo hivyo. Kujisajili ni kubonyeza mara moja, lakini kujiondoa ni kutwa nzima ya kutafuta, kupiga simu na kusubiri.

Mazungumzo haya yanahusu jambo hilo: jinsi mkazi anavyojikuta analipia asichokitaka, kwa nini kutoka kunakuwa kugumu, sheria za Kenya zinasema nini, na hatua za kuchukua. Jambo moja linafaa kukumbukwa hata kama mengine yote yatasahaulika. Kufuta programu kwenye simu si kujiondoa. Huduma hufungwa kwenye mlango ambao pesa hutokea.

KWA NINI KAUNTI INALIZUNGUMZIA

Wengine watauliza kaunti inahusika vipi na mambo ya simu. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 linaipa serikali ya kaunti jukumu la biashara, ikiwemo kuhakikisha biashara inaendeshwa kwa haki. Mawasiliano ya simu yako chini ya Serikali ya Kitaifa, na kaunti haiwezi kuiamuru kampuni ya simu. Hata hivyo, pesa zinazokatwa ni za wakazi wa Mtwapa, Mariakani, Malindi, Ganze na Kaloleni. Mkazi anayejua haki yake na mahali pa kuidai hahitaji kusafiri hadi Nairobi kutafuta msaada.

PESA KIDOGO ZISIZOISHA

Wanaokatwa pesa wengi hawalalamiki kwa sababu kiasi chenyewe ni kidogo. Sh10 kwa siku hazimnyimi mtu usingizi. Lakini Sh10 kwa siku ni Sh300 kwa mwezi wa siku thelathini, na Sh3,650 kwa mwaka. Kwa mama anayeuza vitumbua vya Sh10 kimoja, hivyo ni vitumbua 365 alivyosonga, akakaanga na kuuza kwa faida ya mtu asiyemjua. Huduma ya filamu au muziki ya Sh500 kwa mwezi ni Sh6,000 kwa mwaka, hata kama hakuna aliyeifungua tangu sikukuu ya mwaka jana.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Haba na haba pia hukimaliza kibaba hicho hicho, na mwenye kibaba asijue kilipungua lini.

MKAZI ANAVYOINGIA

Njia zinazowanasa wengi ni nne.

Ya kwanza ni ujumbe mfupi wa simu. Mteja hupokea ujumbe wa vichekesho, mahubiri, matokeo ya mpira au mlio wa simu, akajibu au akabonyeza kiungo. Kuanzia hapo kredi yake hukatwa kila siku au kila wiki. Mara nyingine aliyebonyeza ni mtoto aliyepewa simu acheze mchezo.

Ya pili ni majaribio ya bila malipo. Mteja hupewa siku saba au mwezi mmoja bure, lakini huombwa nambari ya kadi kwanza. Siku za bure zikiisha, malipo huanza yenyewe. Kampuni haihitaji kumuuliza tena, kwa sababu alipoweka kadi alikuwa ameshakubali.

Ya tatu ni malipo yanayojirudia kupitia benki au mshahara. Hapa kuna agizo la kudumu lililowekwa benki kwa ajili ya bima au klabu ya mazoezi, au makato ya kwenye hati ya mshahara kwa chama ambacho mfanyakazi alikwisha kukiacha.

Ya nne ni kurithi. Mzazi aliyeko kijijini hupewa simu iliyokuwa ya mwanawe mjini, pamoja na laini na huduma zake zote. Kila akiweka kredi inapungua kabla hajapiga simu. Mzee hulaumu mtandao, na mtu wa kibandani hulaumu mzee.

KUTOKA KUNAKUWA KUGUMU KWA MAKUSUDI

Wengi wanaposhindwa kujiondoa hujilaumu. Hudhani hawajui Kiingereza cha kutosha, au wamepitwa na teknolojia. Ukweli ni kwamba ugumu huo mara nyingi umepangwa. Kitufe cha kujisajili ni kikubwa na kina rangi ya kung'aa. Cha kujiondoa ni maandishi madogo ya kijivu mwisho wa ukurasa. Mteja akikipata, huulizwa kama ana hakika, kisha hupewa punguzo la bei, kisha huulizwa sababu, kisha huambiwa apige simu saa za kazi. Kila hatua ni nafasi nyingine ya yeye kuchoka, na kampuni huingiza pesa kutokana na uchovu wake.

Hali hii haiko Kenya peke yake. Mwezi Juni 2023, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliishtaki kampuni ya Amazon kuhusu usajili wa huduma yake ya Prime. Mashtaka yalieleza kuwa mteja aliyetaka kujiondoa alipitishwa ukurasa baada ya ukurasa, na kwamba ndani ya kampuni safari hiyo ilipewa jina la Iliad, ambalo ni utenzi mrefu wa Wagiriki wa kale kuhusu vita. Mwezi Septemba 2025 Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 ili kesi iishe, bila kukiri kosa. Bilioni 1.5 kati ya hizo zilitengwa kurudishiwa wateja.

Ujerumani ilichukua njia nyingine. Tangu tarehe 1 Julai 2022, kampuni inayouza mikataba ya kujirudia kwenye tovuti lazima iweke kitufe cha kusitisha mkataba kinachoonekana wazi. Isipoweka, mteja anaweza kuuvunja mkataba wakati wowote bila notisi.

Mifano hii inaonyesha kuwa mlango wa kutokea ukiwa mwembamba, tatizo ni la aliyeujenga. Mkazi wa Watamu asiyeupata si mjinga.

SHERIA ZA KENYA ZINASEMA NINI

Kenya ina sheria zinazomlinda mteja, ingawa si wengi wanaozitumia.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya kupata huduma bora, haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike na huduma hiyo, na haki ya kulindwa masilahi yake ya kiuchumi. Akipata hasara kwa sababu ya huduma mbovu ana haki ya fidia.

Sheria ya Kuwalinda Wateja ya mwaka 2012 inasema mtu aliyeletewa bidhaa au huduma ambayo hakuiomba hawajibiki kuilipia. Kwa hiyo huduma iliyojiwasha yenyewe kwenye laini ya mtu si deni lake.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ina mambo mawili yenye uzito. Kwanza, mtu aliyetoa idhini ya data yake kutumiwa anaweza kuiondoa idhini hiyo wakati wowote. Pili, mzigo wa kuthibitisha kuwa idhini ilitolewa uko kwa kampuni. Kampuni ikimwambia mteja, "Wewe mwenyewe ulikubali," ana haki ya kujibu kwa upole, "Nionyesheni nilikubali lini na kwa njia gani."

Kanuni za mwaka 2010 za kuwalinda wateja wa mawasiliano nazo zinataka matangazo ya kibiashara yanayotumwa kwa mitambo yaanze na idhini ya mpokeaji. Kukaa kimya hakuhesabiwi kuwa kukubali.

HATUA ZA KUCHUKUA

Hatua ya kwanza ni kuujua mlango ambao pesa zinatokea. Je, ni kredi ya simu inayopungua? Ni salio la M-Pesa? Ni kadi ya benki? Ni akaunti ya benki yenyewe, au ni mshahara? Mteja atazame taarifa ya M-Pesa au ya benki ya miezi mitatu iliyopita na kutia alama kila kiasi kinachojirudia kwa tarehe zinazofanana. Nusu saa ya kazi hiyo huonyesha mengi yaliyokuwa yamesahaulika.

Ikiwa ni kredi ya simu, mteja aanze na ujumbe wenyewe. Ujumbe wa matangazo mara nyingi huwa na neno STOP mwishoni likifuatwa na nambari ya kupiga, kama *456*9*5# ambayo watumiaji wengi wa Safaricom wameiona. Kujiondoa kwenye matangazo hakumaanishi kuwa huduma inayotoza pesa imefungwa. Kwa hiyo mteja awasiliane pia na huduma kwa wateja ya kampuni yake ya simu, aulize laini yake ina huduma gani za kulipia, na aombe zote asizozitaka zifungwe. Aombe pia ujumbe wa kuthibitisha.

Ikiwa huduma ilinunuliwa kupitia duka la programu la simu, ifungwe huko huko. Kwenye simu za Android, mteja hufungua Google Play, hubonyeza picha au herufi ya akaunti yake juu ya ukurasa, kisha huenda sehemu ya malipo na usajili. Kwenye iPhone, hufungua mipangilio, hubonyeza jina lake, kisha sehemu ya usajili. Hapo ataona orodha ya huduma zinazoendelea, na kila moja ina mahali pa kuisitisha. Akiifuta programu bila kupita hapo, picha yake itatoweka kwenye kioo cha simu lakini malipo yataendelea. Mara nyingi huduma iliyositishwa huendelea kutumika hadi siku zilizokwisha kulipiwa ziishe, kwa hiyo hakuna haja ya kungoja siku ya mwisho. Wenye iPhone walio katika majaribio ya bure wanashauriwa kujiondoa angalau saa 24 kabla ya majaribio kuisha.

Ikiwa kadi iliwekwa moja kwa moja kwenye tovuti ya kampuni, iwe kadi ya benki au kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay, mteja aingie kwenye akaunti yake ya huduma hiyo na kuifunga. Kuacha kadi bila salio si kujiondoa. Kampuni nyingi hujaribu tena kutoza, na siku pesa zitakapoingia kwa ajili ya karo, huenda huduma ikawa ya kwanza kuzichukua.

Ikiwa ni agizo la kudumu la benki, mwenye akaunti ndiye aliyeliagiza, na yeye ndiye mwenye uwezo wa kulisitisha. Aende tawini na kitambulisho au aandike barua, na abaki na nakala yenye muhuri. Kwa makato ya mshahara, mfanyakazi aandikie chama au kampuni husika na kupeleka nakala kwa afisa wa mishahara.

Kuna tahadhari moja hapa. Kuzuia malipo na kuvunja mkataba ni mambo mawili. Aliyetia sahihi mkataba wa miezi kumi na miwili kisha akazuia malipo mwezi wa tano anaweza kudaiwa salio. Asome mkataba kwanza aone notisi inayotakiwa, aitoe kwa maandishi, kisha afunge malipo.

BARUA FUPI YENYE NGUVU

Mali bila daftari hupotea bila habari. Simu iliyopigwa na kukatwa haiachi ushahidi, lakini maandishi yanauacha. Mkazi anayejiondoa atume ujumbe au baruapepe yenye jina lake, nambari ya simu au ya akaunti, jina la huduma na tarehe, kisha aandike maneno yafuatayo:

"Ninasitisha huduma hii kuanzia leo. Ninaondoa idhini ya kunitoza pesa na ya kutumia data yangu kwa matangazo. Tafadhali nithibitishieni kwa maandishi."

Hayo yanatosha. Hana wajibu wa kueleza sababu, wala wa kubishana kuhusu punguzo la bei. Akijibiwa kwa simu, aandike tarehe, saa na jina la aliyezungumza naye. Apige picha ya kioo cha simu kila hatua. Mwezi unaofuata atazame taarifa yake tena, kwa sababu kuna huduma huendelea kutoza hata baada ya kusema zimefungwa.

LAINI ILIYOPOTEA

Tatizo linalowasumbua wengi ni akaunti iliyofungamana na laini ambayo haipo tena. Mteja akijaribu kuingia ili ajiondoe, nambari ya siri ya kuthibitisha hutumwa kwenye laini iliyoibwa au iliyoachwa. Laini ikiwa bado ni yake, njia rahisi ni kuirudisha katika duka la kampuni ya simu kwa kutumia kitambulisho. Ikiwa haiwezi kurudi, aandikie huduma husika akieleza hali hiyo na kuambatanisha uthibitisho wa malipo, kisha aiombe benki yake izuie malipo kwa kampuni hiyo. Kwa wanaokusudia kubadilisha laini, dawa ni kuorodhesha huduma zote zilizofungamana nayo na kuzihamisha au kuzifunga kabla ya kuiacha.

KAMPUNI IKIKAIDI

Malalamiko huanzia kwa mtoa huduma mwenyewe. Afisi za serikali zitauliza kama mteja alimpa nafasi ya kurekebisha, na hapo ndipo picha na barua zinapofaa. Akishindwa, kuna milango minne.

Kuhusu simu, kredi na ujumbe mfupi, malalamiko hupelekwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Kuhusu kutumiwa kwa nambari na data ya mtu bila idhini, huenda kwa Afisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Sheria inaruhusu malalamiko kutolewa kwa maandishi au kwa mdomo, na yakitolewa kwa mdomo ni jukumu la afisi hiyo kuyaandika. Asiyejua kusoma na kuandika hajafungiwa nje. Malalamiko yanapaswa kuchunguzwa na kumalizwa ndani ya siku 90.

Kuhusu matangazo ya uongo na masharti ya kumkandamiza mteja, yupo Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.

Kuhusu kurudishiwa pesa zilizochukuliwa kinyume cha makubaliano, ipo Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, mdai anaweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Kwa Sh300 huenda isifae kwenda mahakamani, lakini kwa makato ya miaka mitatu hesabu hubadilika.

MATAPELI WA KUSAIDIA

Penye kero hawakosi wanaojifanya wasaidizi. Mteja anayehangaika kujiondoa hupigiwa simu na mtu anayejiita afisa wa kampuni, akimwahidi kumfungia huduma na kumrudishia pesa zote leo leo. Kisha humwomba PIN ya M-Pesa, au nambari ya siri iliyotumwa muda huo. Hakuna huduma inayohitaji PIN ya mtu ili kufungwa. Anayeiomba anataka kuiba, hata akiwa anajua jina na nambari ya kitambulisho cha mteja. Simu kama hiyo ikatwe, na mteja apige mwenyewe nambari rasmi ya kampuni.

KAZI YA NYUMBANI

Vijana wenye simu za kisasa wana nafasi ya kusaidia hapa. Kila kijana aketi jioni moja na wazazi au babu na nyanya zake, waangalie pamoja kredi inakwenda wapi. Wafanye hivyo kwa adabu, mwenye simu akiwa amekaa karibu na kuona kila kinachobonyezwa, na PIN yake ikibaki kwake. Wazazi wenye watoto wadogo nao waweke neno siri kwenye ununuzi wa duka la programu kabla ya kuwapa watoto simu.

Kabla ya kujisajili popote, mkazi ajiulize maswali matatu. Je, ni kiasi gani, na hukatwa kila baada ya muda gani? Je, majaribio ya bure yanaisha tarehe ngapi? Je, ninajiondoa vipi? La tatu lisipokuwa na jibu linaloonekana, ni heri asiingie.

Asiyejua pa kuanzia anaweza kufika katika afisi ya msimamizi wa wadi yake na kuuliza malalamiko yake yanafaa kupelekwa wapi. Aje na simu yake, taarifa ya malipo ya miezi mitatu na picha za majibu aliyopewa. Akiwa na hivyo mkononi, ataelekezwa haraka zaidi, na kampuni haitaweza kudai kuwa haikuwahi kuambiwa.